Mkono wa kicheza santuri

Mkono wa kicheza santuri ni sehemu ya mashine ya kuchezea santuri inayobeba katriji na sindano juu ya santuri inayozunguka. Upande mmoja wa mkono hushikwa na egemeo, na upande wa pili hubeba katriji. Mkono una kazi mbili zinazovutana. Unatakiwa kutulia ili sindano pekee itikisike inaposoma mfuo wa santuri, na pia unatakiwa kuwa huru kuifuata sindano hiyo polepole kutoka ukingoni hadi karibu na katikati.

Mkono, katriji na kicheza santuri hufanya kazi kama kitu kimoja. Katriji ya bei kubwa iliyofungwa kwenye mkono usiolingana nayo inaweza kutoa sauti mbaya kuliko katriji ya kawaida iliyolingana na mkono wake. Inaweza pia kuharibu santuri. Hilo ni jambo zito kwa wenye santuri za zamani za Afrika ya Mashariki, kwa sababu nyingi hazichapishwi tena. Mfuo ukishaliwa na sindano haurudi.

Santuri za Afrika ya Mashariki

Kabla ya kuchagua mkono ni lazima kujua ni santuri gani zitakazochezwa. Katika Afrika ya Mashariki kulikuwa na aina kuu tatu:

- Santuri za mizunguko 78 kwa dakika. Zilitengenezwa hasa kwa shelaki, yaani utomvu unaotokana na wadudu uliochanganywa na unga wa mawe. Ni nzito na huvunjika kwa urahisi, na mfuo wake ni mpana. Siti binti Saad wa Zanzibar alirekodi nyimbo zake za kwanza za aina hii mjini Bombay, Uhindi, mwaka 1928.
- Santuri za mizunguko 45. Zilianza kuuzwa Marekani mwaka 1949. Zina upana wa inchi 7, hutengenezwa kwa plastiki ya vinili, na kwa kawaida hubeba wimbo mmoja kila upande.
- Santuri za mizunguko 33⅓. Zilianza mwaka 1948. Zile za inchi 12 hubeba nyimbo kadhaa kila upande.

Kuanzia miaka ya 1950 Nairobi ilikuwa kitovu cha uchapishaji wa santuri katika eneo hili. Bendi za Tanzania zilirekodiwa sana na Radio Tanzania kwenye kanda kwa ajili ya matangazo, lakini nyimbo zilizotolewa kama santuri mara nyingi zilichapishwa Kenya.

Mkoa wa Mara una uhusiano wa karibu na historia hiyo. Daniel Owino Misiani, aliyeitwa mfalme wa muziki wa benga, alizaliwa mwaka 1940 huko Shirati, kando ya Ziwa Viktoria kaskazini mwa Musoma, katika eneo ambalo leo ni Wilaya ya Rorya. Alifanya kazi yake kubwa nchini Kenya, na bendi yake ya Shirati Jazz ilichukua jina la nyumbani kwake. Nyimbo zake nyingi zilitoka kwenye santuri za mizunguko 45. Barabara inayotoka Mwanza kupitia Bunda na Tarime hufika mpakani Sirari, na ng'ambo yake ni Kenya. Mpaka huo ulifungwa mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokuwa ikivunjika, ukafunguliwa tena mwaka 1983.

Kwa hiyo mtu wa Musoma, Bunda au Butiama aliyerithi sanduku la santuri kutoka kwa babu yake huenda akakuta ndani yake santuri nyingi za inchi 7 na chache za mizunguko 78. Mchanganyiko huo ni tofauti na ule unaofikiriwa na watengenezaji wengi wa mikono ya leo, ambao hutegemea zaidi santuri za inchi 12.

Sehemu za mkono

- Egemeo: mahali mkono unapogeukia, juu-chini na kushoto-kulia. Egemeo zuri halina msuguano unaohisika wala halichezichezi.
- Bomba la mkono: hutengenezwa kwa alumini, chuma, kaboni au mbao. Linaweza kuwa limenyooka au kuwa na umbo la herufi S au J.
- Kichwa cha mkono: mahali katriji inapofungwa, kwa kawaida kwa skrubu mbili zilizoachana milimita 12.7. Vichwa vingine huondolewa na kubadilishwa, vingine ni sehemu ya bomba.
- Uzani wa nyuma: kipande cha chuma kilicho nyuma ya egemeo. Husogezwa ili kusawazisha mkono na kuweka kani ya sindano.
- Kidhibiti cha mvuto wa ndani: springi, sumaku au kijiwe kinachoning'inia kwa uzi. Kazi yake ni kupunguza nguvu inayoivuta sindano kuelekea katikati ya santuri.
- Nyaya: hupeleka umeme hafifu wa katriji hadi kwenye amplifaya.

Katriji yenyewe ina sindano ya almasi iliyo mwishoni mwa kijiti chembamba. Kijiti hicho hushikiliwa na mpira laini. Sindano inapotikisika, kijiti husogeza sumaku au koili, na umeme wenye mfano wa sauti huzalishwa.

Masi na unyumbukaji

Kiini cha kulinganisha mkono na katriji kimo katika namba mbili.

Ya kwanza ni masi tendaji ya mkono. Hii si uzito wa mkono mzima kwenye mizani, bali ni masi inayohisiwa na sindano mkono unapolazimika kusogea. Gramu moja iliyo karibu na sindano huhesabika yote, lakini gramu moja iliyo karibu na egemeo huhesabika kidogo sana, kwa sababu athari yake hutegemea mraba wa umbali kutoka kwenye egemeo. Ndiyo sababu kubadilisha kichwa cha mkono hubadilisha tabia ya mkono kuliko kubadilisha kitu kilicho nyuma. Mikono yenye masi tendaji chini ya gramu 10 huitwa myepesi, ya gramu 11 hadi 25 huitwa ya kati, na inayozidi hapo huitwa mizito.

Ya pili ni unyumbukaji wa katriji, yaani jinsi mpira unaoshika kijiti unavyokubali kusukumwa. Hupimwa kwa mikromita kwa kila milinyutoni. Katriji yenye namba 5 hadi 10 ni ngumu, ya 11 hadi 20 ni ya kati, na ya zaidi ya 20 ni laini.

Mkono na mpira huo kwa pamoja hufanya kama mzigo uliowekwa juu ya springi. Gari lililobeba mzigo mzito kwenye springi laini hupanda na kushuka polepole likipita kwenye tuta, na gari tupu lenye springi ngumu hurukaruka upesi. Vivyo hivyo kila mkono na katriji yake vina kasi moja ambayo hupenda kutikisikia. Kasi hiyo huitwa resonansi. Hupatikana kwa kanuni hii:

f = 159 ÷ √(M × C)

Hapa f ni resonansi kwa hezi, M ni jumla ya masi kwa gramu (masi tendaji ya mkono, katriji na skrubu zake), na C ni unyumbukaji wa katriji.

Resonansi inayofaa ni kati ya hezi 8 na 12. Sababu yake ni rahisi. Santuri iliyopinda huinua na kushusha mkono mara chache kwa sekunde, hasa chini ya hezi 6. Muziki nao huanza takriban hezi 20. Waya mnene zaidi wa gitaa la besi la kawaida hutoa hezi 41. Resonansi ikiangukia kwenye eneo la mpindo, mkono hudundadunda na sindano huweza kuruka. Ikiangukia kwenye eneo la muziki, besi huvimba na kupoteza umbo. Nafasi kati ya maeneo hayo mawili ndiyo mahali salama.

Mifano ya hesabu

Mfano wa kwanza: mkono wa Technics SL-1200 una masi tendaji ya takriban gramu 12. Katriji ya Ortofon 2M Red ina uzito wa gramu 7.2 na unyumbukaji wa 20. Tukiongeza gramu 0.8 za skrubu, M inakuwa 20. Kwa hiyo 20 × 20 = 400, kipeuo chake cha pili ni 20, na 159 ÷ 20 inatoa takriban hezi 8. Hapo ni mpakani mwa eneo linalofaa, na vifaa hivyo hutumika pamoja bila shida.

Mfano wa pili: katriji ya Denon DL-103, iliyobuniwa miaka ya 1960 kwa ajili ya shirika la utangazaji la Japani, ina uzito wa gramu 8.5 na ni ngumu. Kiwandani unyumbukaji wake huandikwa 5, lakini kipimo hicho ni cha hezi 100, kama ilivyo desturi ya Wajapani. Ili kupata thamani ya hezi 10 inayotumika katika kanuni, watumiaji huzidisha kwa 1.5 hadi 2. Tuseme ni 10. Kwenye mkono mwepesi wa gramu 7, M ni 16 pamoja na skrubu, na resonansi ni hezi 12.6, juu ya kiwango. Kwenye mkono wa gramu 20, M ni 29, na resonansi inashuka hadi hezi 9.3. Katriji hii kwa hiyo hupenda mkono mzito.

Mfano wa tatu: katriji laini ya miaka ya 1970 yenye unyumbukaji wa 40, ikifungwa kwenye mkono wa kati hadi M ifike 20, hutoa hezi 5.6. Santuri iliyopinda kidogo tu itatosha kuusumbua mkono huo. Katriji kama hiyo inahitaji mkono mwepesi sana.

Kanuni fupi ni kwamba katriji laini huendana na mkono mwepesi, na katriji ngumu huendana na mkono mzito. Hesabu hii ni makadirio. Tofauti ya hezi moja si sababu ya kuuza mkono.

Urefu na pembe

Mashine iliyochonga santuri ya kwanza kiwandani ilisogeza kichwa chake kwa mstari ulionyooka kuelekea katikati. Mkono wenye egemeo hauwezi kufanya hivyo, kwa kuwa sindano yake huchora tao. Kwa sababu hiyo katriji huwa na kosa dogo la pembe karibu kila mahali kwenye santuri.

Kosa hilo hupunguzwa kwa kupinda kichwa cha mkono na kuifanya sindano ipite kidogo mbele ya mhimili wa katikati. Ikifungwa vizuri, sindano hulala sawasawa na mfuo katika nukta mbili, na kosa hubaki dogo kwingineko. Hesabu za jambo hili zilifanywa na Löfgren mwaka 1938 na Baerwald mwaka 1941. Kwa santuri za inchi 12, nukta za Baerwald ziko takriban milimita 66 na 121 kutoka katikati.

Kwenye santuri ya inchi 7 mfuo unaweza kufika karibu zaidi na katikati, hadi takriban milimita 54. Sehemu hiyo ndiyo ngumu zaidi kusomwa, kwa sababu mawimbi ya sauti yamebanana. Mpangilio wa Stevenson, wenye nukta za milimita 60.3 na 117.4, hulinda zaidi mifuo ya ndani. Mtu ambaye sehemu kubwa ya hazina yake ni santuri za mizunguko 45 hufaidika na mpangilio huo.

Mkono wa kawaida una urefu wa takriban inchi 9. Mkono wa inchi 12 una kosa dogo zaidi la pembe, lakini huwa mzito na huhitaji kicheza santuri kipana. Urefu mkubwa peke yake si ubora.

Kani ya sindano

Kani ya sindano hupimwa kwa gramu. Katriji nyingi za kisasa hutaka kati ya gramu 1.5 na 2.5, na kiwango kamili huandikwa na mtengenezaji.

Wengi huogopa kani kubwa na kuipunguza chini ya kiwango wakidhani wanailinda santuri. Matokeo huwa kinyume. Sindano isiyokandamizwa vya kutosha huachana na ukuta wa mfuo, kisha huurudia kwa kishindo na kuukwangua. Ni salama zaidi kukaa katikati ya kiwango au juu yake kidogo kuliko chini yake.

Kosa la upande wa pili ni kuweka sarafu juu ya kichwa cha mkono ili sindano isiruke. Sarafu ya gramu 5 huongeza kani kwa karibu gramu 5, hivyo katriji iliyotengenezwa kwa gramu 1.8 hubeba karibu gramu 7. Sarafu hiyo pia huongeza masi tendaji na kuvuruga hesabu nzima. Sindano inayoruka inahitaji kusafishwa, kusawazishwa upya au kubadilishwa.

Gramafoni ya zamani ya kuzungushwa kwa mkono ina kichwa kinachokandamiza kwa zaidi ya gramu 100, na sindano yake ya chuma ilipaswa kubadilishwa kila upande wa santuri. Santuri ya vinili haifai kuchezwa hapo hata mara moja.

Sindano kwa kila aina ya santuri

Mfuo wa santuri ya mizunguko 78 ni mpana mara kadhaa kuliko ule wa vinili. Sindano yake ina ncha ya takriban mikromita 65 hadi 75, wakati ya vinili iliyo ya duara ina takriban mikromita 18. Sindano ya vinili ikitumika kwenye shelaki huzama chini ya mfuo na kusoma vumbi. Sindano ya shelaki ikitumika kwenye vinili hupasua kuta za mfuo.

Mwenye aina zote mbili ananufaika na mkono wenye kichwa kinachoondolewa. Anaweka katriji mbili kwenye vichwa viwili na kubadilisha kwa dakika moja. Vichwa hivyo vikiwa na uzito unaokaribiana, marekebisho ya uzani wa nyuma huwa madogo, ingawa kani ya sindano ni lazima ipimwe kila mara.

Kulinganisha mkono na kicheza santuri

Mkono mzuri unaweza kushindwa kufungika. Mambo ya kuangalia ni haya:

- Umbali kutoka egemeo hadi mhimili wa katikati, ambao kila mkono umepangiwa na mtengenezaji wake.
- Tundu la kufungia. Mikono ya SME hutumia tundu refu linaloruhusu mkono kusogezwa, na mingine hutumia tundu moja la duara.
- Kimo cha mkono. Katriji ikigusa santuri, bomba linatakiwa kuwa sambamba na santuri au karibu na hapo.
- Uzito wote wa mkono. Kicheza santuri kinachoning'inia kwenye springi, kama Linn LP12, hupoteza usawa kikibebeshwa mkono mzito kuliko kilivyopangiwa.
- Nafasi ya kifuniko, ili uzani wa nyuma usigonge.

Vicheza santuri vingi vya bei ya kati huuzwa vikiwa na mkono tayari. Hapo swali hugeuka: mkono umeshajulikana, na kinachochaguliwa ni katriji. Hesabu ni ileile.

Umeme na mazingira

Umeme wa Tanzania ni wa volti 230 na hezi 50. Kicheza santuri kilichotumika Marekani kimetengenezwa kwa volti 120 na hezi 60. Transfoma hurekebisha volti lakini haibadilishi hezi. Ikiwa mota yake hufuata mwendo wa umeme, santuri ya mizunguko 33⅓ itazunguka mara 27.8 tu, na ya 45 itazunguka mara 37.5. Mwimbaji atasikika mzito na wimbo utachelewa. Dawa yake ni kubadilisha puli ya mota kwa ile ya hezi 50. Vicheza santuri vinavyoendeshwa kwa mota ya umeme wa moja kwa moja au kwa udhibiti wa kioo cha kwatzi havina tatizo hilo.

Umeme ukikatika wimbo ukiendelea, mkono uinuliwe kwa wenzo wake kabla umeme haujarudi, ili sindano isiwe ndani ya mfuo sahani inapoanza kuzunguka ghafla.

Katika miji ya kando ya ziwa kama Musoma, wadudu wadogo wa ziwani hufuata taa usiku kwa wingi, na wakati wa kiangazi vumbi huingia ndani ya nyumba. Kifuniko na brashi ya nyuzi laini ni vya lazima. Santuri isiachwe ndani ya gari lililofungwa juani, kwa maana vinili hupinda kwa joto, na mpindo ndio unaoamsha resonansi ya mkono. Jedwali au rafu isiyotikisika ukutani ni bora kuliko kabati jepesi lililo karibu na spika.

Hatua za kuchagua

1. Hesabu santuri zilizopo kwa aina: 78, 45 na 33⅓.
2. Hakikisha kicheza santuri kinazunguka kwa kasi sahihi kwenye umeme wa hezi 50.
3. Tafuta masi tendaji ya mkono uliopo au unaotaka kununuliwa.
4. Tafuta uzito na unyumbukaji wa katriji, ukiangalia kama kipimo ni cha hezi 10 au 100.
5. Piga hesabu ya resonansi, na ukubali matokeo ya hezi 8 hadi 12.
6. Kagua umbali, tundu na kimo cha mkono.
7. Funga katriji kwa karatasi ya vipimo, weka kani ya sindano kwa mizani ndogo, kisha weka kidhibiti cha mvuto wa ndani.
8. Jaribu kwanza kwa santuri isiyo na thamani kubwa. Santuri ambayo haina nakala nyingine ichezwe mwisho, na ikiwezekana irekodiwe kwenye kompyuta siku hiyohiyo.

Tazama pia

Santuri
Gramafoni
Muziki wa benga
Daniel Owino Misiani
Siti binti Saad
Mkoa wa Mara